Pazia Mbele ya Zege

Kwa miaka thelathini na tano Ambros Zgraggen alilipwa mshahara kwa kupaka rangi maua ambayo hayakuwa maua. Niliyajua hayo nikiwa na mvi, siku moja na watalii wenye viatu vipya. Kabla ya hapo nilijua kile ambacho kijiji kizima cha Hinterfluh kilijua: kwamba Ambros anafanya kazi jeshini, kwamba jioni anarudi na rangi nyekundu na ya kijani chini ya kucha, na kwamba mtu haulizi.

Hapa kwetu mtu haulizi. Mlima wa Rossegg ulichimbwa ndani wakati wa vita, baba zetu wakiwa vibarua, na mawe waliyoyatoa yakamwagwa mtoni mpaka maji yakageuka kijivu majira mawili mazima. Humo ndani waliweka mizinga minne, vitanda vya askari mia mbili, chumba cha upasuaji na tanuri la mikate. Asubuhi nyingine tulinusa mkate ukiokwa ndani ya mwamba, tukatazamana, tukasema upepo umegeuka, tukaendelea kukamua ng'ombe.

Vita vilikwisha na mizinga ile haikuwa imemlenga mtu yeyote. Lakini mzinga usiopigwa nao unataka grisi, na Ambros akaajiriwa kuwa mmoja wa walinzi. Siku ya kuingia aliinua mkono akaapa kwa jina lake lote, Ambros Josef Maria Zgraggen, kwamba hatamwambia mtu anachokiona humo, awe mke, awe padri kitubioni. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Miaka miwili baadaye akamwoa Agatha, binti wa fundi wa mapipa, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Kicheko hicho nakitaja hapa kwa sababu hakitarudi tena katika habari hii.

Mimi ni Vreni Epp, niliyekuwa nikipeleka barua. Nilianza kazi ya posta nikiwa na miaka kumi na tisa, na mdomo wangu wakati ule ulikuwa hauna mlango. Mwaka wa sitini na tatu nilibeba kifurushi laini kilichofungwa kwa kamba, kutoka kwa Philomena fundi cherehani kwenda kwa Ambros, kwa anwani ya kazini. Philomena, ambaye wote tulimwita Mena, alikuwa mdogo wake Agatha, pua na tumbo moja. Kona ya kifurushi ilikuwa imechanika, na ndani nikaona kitambaa cha bluu chenye jogoo weupe.

Nikapita kwa Agatha na barua ya binamu yake, nikasema, nikicheka, "Mumeo ana bahati. Shemeji yake anamshonea mapazia!"

Sikutumwa na mtu. Nilisema tu ili niwe na la kusema.

Agatha akakaa na neno lile siku tatu. Siku ya nne akachukua ndoo ya kuchumia matunda ya porini akapanda mpaka kwenye malisho ya juu ya Rossegg, hadi kwenye waya wa jeshi. Ng'ambo ya waya kuna nyumba ya mbao, kuni zimepangwa ubavuni, maua mekundu yamejaa madirishani. Akamwona mumewe. Ambros alikuwa anatundika pazia la bluu kwenye dirisha la kati. Alilinyoosha, akarudi nyuma hatua tano, akainamisha kichwa upande, akarudi kulinyoosha tena.

"Alilitazama hivi, Vreni," Agatha aliniambia baadaye, maana mimi ndiye aliyenifanya msiri wake, Mungu anisamehe. "Nyumbani kwangu hajawahi kunitundikia hata pazia la chooni."

Jioni ile alipomwekea sahani ya makaroni na viazi, alimuuliza.

"Ile nyumba ya juu ni ya nani?"

"Nyumba ipi?"

"Usinifanye zuzu. Ile ya Rossegg, yenye maua."

Ambros akaweka uma chini. "Siwezi kusema."

"Anakaa nani mle?"

"Agi, siwezi kusema."

"Ni Mena?"

Sasa hapo mtu mwingine yeyote duniani angesema hapana. Neno moja tu, halina siri ya nchi ndani yake. Lakini Ambros, alivyonieleza mwenyewe miaka mingi baadaye, alilipima lile swali kama alivyofundishwa. Akisema si Mena, ataulizwa ni nani. Akisema hakuna mtu, ataulizwa nyumba isiyo na mtu ina kazi gani, na kutoka hapo hadi kwenye mzinga ni hatua mbili. Kwa hiyo akamjibu mke wake, akimtazama machoni kwa uaminifu wote:

"Siwezi kusema."

Agatha akavaa koti akaenda kwa mdogo wake. Mena alikuwa ameketi kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Mapazia ya jogoo ulimshonea nani?"

Mena akazitoa pini moja moja. "Ambros aliniletea vipimo, nikashona. Sikuuliza."

"Hukuuliza! Mume wa dada yako anakuletea vipimo vya dirisha ambalo si langu, na wewe huulizi?"

"Dada, hapa kwetu nani anauliza?"

"Basi na mimi sitakuuliza kitu tena mpaka nife."

Na hakumuuliza. Miaka thelathini na minane, katika kijiji cha watu mia tatu na duka moja. Mena akiwa dukani, Agatha alisubiri nje, na mvua imnyeshee. Kanisani mmoja alikaa upande wa Bikira, mwingine upande wa Yosefu. Mena hakuolewa. Hakuna mwanaume aliyetaka kutia mguu penye harufu ya mwanaume mwingine, na wanawake walianza kupeleka nguo zao kushonwa bondeni. Alizeeka akishonea watu wa mbali kwa njia ya posta, na mimi nilibeba vifurushi vyake nikiangalia chini.

Mtasema kwa nini Agatha hakuondoka. Aende wapi? Wakati ule mwanamke wa hapa hakuwa hata na kura. Alibaki, akapika, akafua, akahamishia kitanda chake kwenye chumba cha kuhifadhia matofaa. Ambros aliendelea kwenda kazini, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, mkebe wa chakula mkononi. Ilisemwa hapa, na mimi nilikuwa miongoni mwa wasemaji, kwamba yule bwana hana haya hata kidogo.

Alistaafu, wakampa saa. Miaka minne baadaye ngome yenyewe ikastaafishwa. Iliandikwa kwenye gazeti, kipande kidogo chini ya bei za ndama: ngome kadhaa zimeondolewa katika orodha ya ulinzi, Rossegg ikiwemo. Malori yakaja yakachukua mabomu na magodoro. Halafu Bissig, mwalimu mstaafu anayependa kusikika, akaanzisha chama cha marafiki wa ngome, wakaifungua kwa wageni. Mlangoni mwa duka wakabandika tangazo: Njoo uone siri ya Rossegg, kila Jumamosi, franki kumi na mbili pamoja na supu.

Nilienda Jumamosi ya kwanza. Bissig alitupitisha kwenye mashimo yale yenye baridi, mwisho akatutoa nje kwenye malisho, akatuonyesha nyumba ya maua. Akaigonga kwa fimbo. Ikalia kama jiwe, maana ilikuwa jiwe. Zege lote, limechorwa mbao. Mlango umechorwa, bawaba zimechorwa, maua yamechorwa, na rangi yake haijapauka. Dirisha la kati peke yake lilikuwa la kweli, lenye fremu na kioo, kwa sababu ofisa mmoja alisema kioo cha kuchora hakimeremeti juani na rubani wa adui atashtuka. Nyuma ya kioo pazia la jogoo. Nyuma ya pazia zege, na upande wa kushoto ukuta wa uongo unaofunguka, na mdomo wa mzinga. Watu wakacheka, wakapiga picha. Mimi nikaenda nyuma ya kuni nikatapika supu ya chama.

Jumatatu Ambros alikuja posta.

"Nimeiona nyumba yako," nikamwambia.

Akatazama mizani ya barua. "Sijui unasema nini."

"We Ambros! Bissig anaigonga kwa fimbo! Watu wanapiga picha!"

"Hilo ni la Bissig. Bissig hakuapa."

"Imefunguliwa. Imeandikwa gazetini. Nenda nyumbani sasa hivi umwambie mkeo."

"Gazeti halinifungui, Vreni. Niliapa kwa jina langu, nitafunguliwa kwa jina langu. Watanitumia barua. Ndivyo utaratibu ulivyo." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Haijaja?"

Haikuwa imekuja. Haikuja wiki ile wala mwaka ule. Alikuja kila asubuhi, kofia mkononi. "Imekuja?" "Bado, Ambros." "Labda kesho." Nilimwandikia barua mimi mwenyewe kwenye ofisi aliyonitajia, akatia sahihi. Ikarudi na karatasi ndogo: ofisi hiyo ilikwisha kuvunjwa, majalada yamehamishwa, asante kwa uvumilivu wako. Nikadhani hilo litammaliza. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Basi majalada yakifika huko yalikohamishiwa, wataniandikia."

Nikaenda kwa Agatha mwenyewe. Nikamweleza kila kitu: zege, rangi, mzinga. Alikuwa anamenya viazi na kisu hakikusimama.

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Nimeona kwa macho yangu."

"Vreni, ulikuwa mbea ukiwa msichana na umezeeka nao. Kama ni kweli, Ambros ana mdomo. Aniambie yeye."

Akageuza kichwa kuelekea sebuleni, akapaza sauti. "Ambros! Huyu anasema ile nyumba haina mtu! Ni kweli?"

Kiti cha sebuleni kikalia. Halafu sauti ya yule bwana, imekauka: "Siwezi kusema, Agi."

"Umesikia," akaniambia, akachukua kiazi kingine.

Msimu wa mapukutiko Mena akaanza kuumwa tumbo. Ilipofika Pasaka alikuwa katika nyumba ya wazee bondeni, mdogo ndani ya kitanda, vidole bado vinatafuta upindo wa shuka. Nilikuwa namtembelea Jumapili. Hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo lilinikasirisha. Nilimweleza ile nyumba ilikuwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilishonea ukuta," akasema.

"Ulishonea ukuta."

"Yalikaa vizuri lakini? Vipimo vyake havikuwa sawa pande zote, nilihofia yatavuta."

"Yamekaa vizuri, Mena."

"Mwambie Agi..." Akafikiri. "Hapana. Mwambie Ambros amwambie Agi. Mimi hataniamini, na wewe hakuamini pia. Mwambie afanye haraka."

Nilimwambia. Nilimshika kola pale kaunta ya posta, mbele ya watu. "Anakufa! Unaelewa neno hilo? Anakufa akiitwa malaya na dada yake!" Ambros alilia. Machozi ya mzee yalimwagika mpaka kwenye masharubu, na bado akaniuliza kama barua za mchana zimeshapangwa.

Sasa nitasema langu. Nyumbani kwangu nilikuwa na taipureta. Ofisini nilikuwa na bahasha za kahawia za serikali, rundo zima. Wazo lilinijia wakati ule ule, nikiwa bado nimeshika kola yake, na nililifukuza. Mtu wa posta haandiki barua za watu. Na mimi niliapa siku nilipopewa kofia. Nilijisifu, nikalala usingizi mzuri, kwa sababu na mimi ni wa kijiji hiki hiki.

Mena alikufa Jumanne ya pili ya Juni. Tulimzika Ijumaa, watu kumi na mmoja. Wakati jeneza linapita mbele ya nyumba ya Zgraggen, Agatha alitoka kibarazani, akafunga vibao vya madirisha kimoja kimoja bila haraka, ili kila mtu aone.

Nikaenda nyumbani na nguo zangu za msiba nikakaa kwenye taipureta. Ilinichukua dakika kumi. "Bwana Ambros Josef Maria Zgraggen, kwa barua hii unaondolewa katika kiapo ulichoapa kuhusu ngome ya Rossegg. Tunakushukuru kwa utumishi wako." Nikatia muhuri wa tarehe wa posta, nikauzungusha kidogo ili usisomeke, na sahihi ya mtu ambaye hajazaliwa. Mistari minne. Jumamosi asubuhi alipouliza imekuja, nikasema, "Imekuja."

Aliisoma mara tatu pale pale amesimama. Hakuona kasoro yoyote. Akaikunja kwa mpangilio wake, akaitia mfuko wa ndani, akaenda nyumbani, na baada ya nusu saa Agatha akanipigia simu, mara yake ya kwanza tangu siku ya viazi.

"Amenivalia koti la jeshi. Anasema twende Rossegg. Njoo, nataka shahidi, huyu mtu simwamini hata kwa salamu."

Bissig alimpa Ambros ufunguo na gari la chama. Ambros akaendesha mpaka juu. Nyonga ya Agatha ilikuwa mbovu, tukamshika huku na huku hadi mbele ya ile nyumba. Jua lilikuwa kali na dirisha la kati lilimeremeta kama yule ofisa alivyotaka.

"Gonga mlango," Ambros akamwambia.

Agatha akagonga. Akatazama vifundo vya vidole vyake vilivyochubuka. Akapitisha kiganja kwenye mbao ambazo si mbao, kwenye ua moja jekundu, akalikwaruza kwa ukucha mpaka chini yake kukatokea kijivu. Ambros akaufungua ule ukuta wa uongo, chuma kikalia, na mzinga ukatutazama.

Hapo ndipo yule bwana alipoanza kusema. Mungu wangu, alivyosema! Miaka thelathini na minane ilimtoka kwa pumzi moja: kipenyo cha mzinga, uzito wa makombora yake, rangi aina tano, jinsi alivyobadilisha kuni kila vuli ili zionekane zinatumika, jinsi alivyoenda kwa Mena kwa sababu amri ilisema mapazia yawe ya kienyeji, yasinunuliwe mjini. "Hakukuwa na mtu, Agi," akasema. "Hakukuwa na mtu hata siku moja. Nilitaka kukwambia kila jioni."

Agatha alisubiri mpaka amalize.

"Bora angekuwa mwanamke," akasema.

"Nini?"

"Bora ungekuwa na mwanamke humu, Ambros. Mwanamke ningemwelewa. Ningekuja nikamvuta nywele, ningekusamehe ama nisingekusamehe. Ulimwacha mdogo wangu azikwe jana, mimi nikifunga madirisha, kwa ajili ya hili bomba?"

"Niliapa."

"Hata na mimi uliniapia. Kanisani. Mena akiwa ameshika maua yangu."

Akaenda kwenye dirisha la kati. Fremu ilifunguka kwa nje, kama alivyoifungua Ambros siku ile. Agatha akaushika upindo wa pazia, akauinua karibu na macho yake mabovu. Pembeni kulikuwa na mishono mitatu ya msalaba kwa uzi mwekundu. Mama yao ndiye aliyewafundisha wote wawili kufungia kazi hivyo, na Mena hakuwahi kushona kitu asikifunge hivyo. Agatha akakaa chini kwenye nyasi, na sauti iliyomtoka sitaiandika.

Alipoweza kusimama akasema, "Nipe hili pazia."

Na Ambros, naapa mbele ya yeyote anayesoma, Ambros akasita. Mkono ulienda kifuani, kwenye ile barua yangu.

"Limo kwenye orodha ya vifaa," akasema. "Lazima niombe ruhusa kwa maandishi."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kupiga kelele kwamba hiyo barua niliandika mimi, kwamba hakuna ofisi, hakuna orodha, hakuna mtu huko chini anayejua kama yu hai. Sikusema. Ningesema, angerudi ndani ya kiapo chake kama konokono, na angejilaumu kwa kuvunja siri hadi kufa kwake. Hivyo na mimi sasa nina jambo nisiloweza kusema.

Agatha alilivuta pazia mara moja. Fimbo ya pazia iling'oka na misumari yake. Akalikung'uta vumbi, akalikunja mara nne, akalishika kwapani, akaanza kuteremka kwenye gari peke yake na ile nyonga yake mbovu. Ambros akamfuata mbio, koti limefunguka.

"Agi! Sasa unajua kila kitu. Agi, nitazame. Utanisamehe?"

Akasimama. Akamgeukia, akamtazama machoni kama yeye alivyomtazama mezani mwaka ule, bila chuki yoyote.

"Siwezi kusema," akamjibu.